Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: Maisha ya Ben Hogan

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, nilimwambia mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu kwamba uandishi wa insha haukuwa kipawa chake. Sikumwambia kwa hasira wala kwa kejeli. Nilidhani namwokolea wakati wake, autie katika masomo mengine yaliyomwelekea zaidi. Kijana yule alikuwa amenijia na daftari lenye insha saba alizoziandika kwa hiari yake, bila kuamrishwa na mtu. Alinisikiliza kwa adabu, akalichukua daftari lake, akaenda zake. Tangu siku ile hadi alipomaliza shule hakuniletea insha nyingine ila zile za lazima.

Kosa lile halijanitoka moyoni. Lilinirudia kwa nguvu nilipokuwa nikisoma habari za Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka wa 1997, mchezaji wa gofu aliyeitwa Ben Hogan. Najua, wapenzi wasomaji, kwamba gofu si mchezo wa wengi wetu. Aghalabu tunauona kwa mbali, kupitia ua, tukiwa ndani ya matatu. Hata hivyo, kila alfajiri wako vijana wanaopita langoni mwa viwanja hivyo, si kucheza bali kubeba mikoba ya wanaocheza, nao hupata ujira wao wa siku kwa jasho hilo. Baadhi ya wachezaji mashuhuri wa gofu hapa kwetu walianzia papo hapo, begani mwa mkoba. Hogan naye alianzia hapo. Basi na tumfuate.

William Ben Hogan alizaliwa tarehe 13 Agosti 1912 katika mji wa Stephenville, jimbo la Texas, akakulia katika mji mdogo wa Dublin ulio jirani. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi. Kazi yake ilikuwa kuwapiga farasi viatu vya chuma na kutengeneza zana za wakulima. Lakini zama zile motokaa zilikuwa zinaingia, na farasi wanapungua, na mhunzi akabaki na kiwanda kisicho na wateja. Familia ikahamia Fort Worth. Mwezi Februari mwaka wa 1922, wakiwa huko, baba yule aliyekuwa ameelemewa na huzuni nzito alijiua. Ben alikuwa na umri wa miaka 9.

Kuanzia hapo utoto ulikwisha. Mama yake, Clara, alishona nguo za watu. Kaka yake, Royal, aliacha shule ili atafute riziki. Ben naye akawa anauza magazeti katika stesheni ya gari la moshi. Alipotimu miaka 11 alisikia kwamba katika uwanja wa gofu wa Glen Garden, mvulana aliweza kulipwa senti 65 kwa kubeba mkoba mmoja. Fedha hizo zilizidi faida ya magazeti, naye akaenda.

Katika kundi lile la wachukuzi wa mikoba alikuwamo mvulana mwingine aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1912, jina lake Byron Nelson. Nelson alikuwa mrefu, mchangamfu, na fimbo ya gofu ilimtii kana kwamba alizaliwa nayo mkononi. Hogan alikuwa mfupi, mkimya, na mpira alioupiga ulikwenda utakako wenyewe. Krismasi ya mwaka wa 1927 wachukuzi wale waliandaliwa shindano lao, na wawili hao wakatoka sare. Katika mchuano wa kuamua mshindi, Nelson alimshinda mwenziwe kwa mkwaju mmoja tu. Baadaye uanachama wa kijana katika klabu ile ulipewa Nelson, na Hogan ikambidi atafute mahali pengine pa kuchezea.

Lau ningalikuwa mwalimu wao siku zile, bila shaka ningalisema kwamba Nelson ana kipawa na Hogan hana. Na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi ushahidi wote ungalikuwa upande wangu.

Hogan aliacha shule ya sekondari bila kuimaliza, na mapema mwaka wa 1930, akiwa na miaka 17, akajitangaza kuwa mchezaji wa kulipwa. Alifilisika. Alirudi nyumbani, akafanya vibarua, akadunduliza, akatoka tena, akafilisika tena. Mwaka wa 1935 alimwoa Valerie Fox, na mwanamke yule akakubali kusafiri naye kutoka mji hadi mji katika gari kuukuu, wakihesabu senti za chakula. Mnamo mwaka wa 1938 walifika Oakland, jimbo la California, wakiwa na akiba ndogo mno. Asubuhi moja Hogan aliamka akakuta wezi wameyang'oa magurudumu ya gari lake. Alitafuta lifti hadi uwanjani, akacheza, na kwa fedha alizozipata katika shindano lile wakaweza kuendelea na safari. Bila fedha zile angalirejea Texas, na huenda leo jina lake lisingalijulikana.

Wakati huo Nelson alikuwa ameshatwaa taji la Masters mwaka wa 1937, na mwaka wa 1939 akatwaa mashindano ya wazi ya Marekani. Hogan alikuwa hajashinda shindano hata moja akiwa peke yake.

Ugonjwa wa mchezo wake ulikuwa mmoja, nao ulijulikana. Mpira wake, ukishapaa, ulipinda ghafla kuelekea kushoto na kutumbukia vichakani au majini. Mpira wa namna hiyo hukimbia mbali, hivyo humdanganya mchezaji kwamba ana nguvu, lakini hautegemeki. Unaweza kumfaa kwa mashimo 15 na kumwangamiza katika yale matatu ya mwisho.

Hapa ndipo palipo kiini cha makala haya. Hogan alifanya nini? Alifanya mazoezi, hilo kila mtu anajua kulisema. Lakini neno mazoezi tunalitumia ovyo. Mwanafunzi anayenakili hesabu zile zile anazoziweza huamini kwamba anafanya mazoezi. Mchezaji anayepiga mipira mia moja kwa pupa huku akipiga soga hurudi nyumbani amechoka, akadhani uchovu ule ni maendeleo. Kumbe ameyakomaza makosa yake.

Hogan alifanya kinyume. Katika enzi zile wachezaji wengi, wakishamaliza mashindano ya siku, walikwenda kupumzika. Yeye alirudi uwanjani na mfuko wa mipira, akapiga hadi jua kutua, na wenzake wakasimulia kwamba mikono ilimchubuka hata ikatoka damu. Lakini hakupiga mpira wowote bila shabaha. Mchukuzi wake alisimama mbali kule mbele, naye ndiye aliyekuwa alama. Mipira ilipaswa kuanguka karibu na miguu yake. Kwa kuwa Hogan aliujua umbali wa kila fimbo, aliweza kugundua mara moja mpira uliozidi au uliopungua. Alianza na fimbo fupi, akapanda polepole hadi zile ndefu, kama mwalimu wa darasa la kwanza anayetangulia na silabi kabla ya neno, na neno kabla ya sentensi. Baada ya kila mkwaju alitua, akautazama mpira ulivyoruka, akajiuliza sababu, ndipo akauendea mwingine.

Jambo la pili ni kwamba alitafuta chanzo cha kosa, hakuridhika na kulifunika. Mpira ukipinda kushoto, mchezaji mvivu husimama akielekea kulia zaidi, na kosa likabaki pale pale likiwa limefichwa. Hogan alirudi kwenye jambo la awali kabisa, yaani namna ya kuishika fimbo. Mchezaji mwenziwe, Henry Picard, alimsaidia kuubadilisha mshiko wa mkono wa kushoto, na ndiye pia aliyemwahidi kumpa fedha endapo angeishiwa kabisa. Hogan hakuzihitaji fedha zile, lakini kujua tu kwamba zipo kulimtuliza. Mwaka wa 1948 alipochapisha kitabu chake cha kwanza alikitabarukia jina la Picard. Walimu wenzangu na tulitafakari hilo. Mwanafunzi huenda asihitaji msaada mkubwa kutoka kwetu. Wakati mwingine anahitaji kujua tu kwamba yuko mtu nyuma yake.

Kubadilisha mshiko si kazi ya siku moja. Mkono uliozoea namna ya zamani huiona namna mpya kuwa ugeni na udhia, na kwa muda mchezo huharibika kabla haujatengenea. Wengi hurudi nyuma katika kipindi hicho, kwa kuwa huona aibu kushuka. Hogan alivumilia. Mwezi Machi mwaka wa 1940, huko Pinehurst, jimbo la North Carolina, akashinda shindano lake la kwanza peke yake. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu ajiite mchezaji wa kulipwa. Katika mwezi ule ule akashinda mengine mawili. Mwaka ule, na miwili iliyofuata, hakuna mchezaji Marekani aliyechuma fedha nyingi kuliko yeye.

Vita vikaingia kati, naye akatumikia jeshi la anga la nchi yake kuanzia mwaka wa 1943 hadi 1945. Aliporejea alishinda ubingwa wa PGA mwaka wa 1946, likawa taji lake kubwa la kwanza, akiwa na miaka 34. Mwaka wa 1948 akaongeza ubingwa mwingine wa PGA, na mashindano ya wazi ya Marekani pia. Ilionekana kwamba sasa mti umekomaa, imebaki kuvuna tu.

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 1949, Hogan na mkewe walikuwa wakirudi nyumbani kwa gari karibu na mji wa Van Horn, Texas. Ukungu ulikuwa umetanda. Basi moja lililokuwa likilipita lori lilitokeza mbele yao, upande wao wa barabara. Palikuwa na daraja, na hapakuwa na pa kukwepea. Hogan alijitupa upande wa mkewe ili amkinge kwa mwili wake. Tendo lile la kumwokoa mkewe ndilo lililomwokoa yeye mwenyewe, kwani mhimili wa usukani ulipenya hadi kwenye kiti alichokuwa amekalia.

Hata hivyo aliumia vibaya. Alivunjika nyonga mahali pawili, mtulinga, mbavu na kifundo cha mguu wa kushoto. Baada ya siku kadhaa damu ikaanza kuganda miguuni na kutishia kumwua, na madaktari wakalazimika kuufunga mshipa mkuu urudishao damu moyoni kutoka sehemu za chini za mwili. Alitoka hospitalini akiwa hai, lakini miguu ile haikuwa na afya tena hadi mwisho wa maisha yake. Ilivimba na kumwuma kila alipotembea kwa muda mrefu. Na gofu, ndugu msomaji, ni mchezo wa kutembea.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwana wa mhunzi yule alianza upya, si kwa fimbo bali kwa hatua. Alizunguka chumbani, kisha nyumbani, kisha barabarani. Baadaye akashika fimbo na kupiga mipira michache. Mwezi Januari mwaka wa 1950 akajitokeza katika mashindano ya Los Angeles, akatoka sare na Sam Snead kabla ya kushindwa katika mchuano wa kuamua mshindi.

Mwezi Juni mwaka ule yalikuja mashindano ya wazi ya Marekani katika uwanja wa Merion, karibu na Philadelphia. Siku hizo siku ya mwisho ilikuwa na mizunguko miwili, jumla ya mashimo 36. Hogan alitembea mashimo yote akiwa amefungwa bendeji miguuni, na kuelekea mwisho aliweza kusimama kwa shida. Alipofika shimo la mwisho ilimlazimu alimalize kwa mikwaju minne ili asishindwe. Alikuwa mbali, akiwa na fimbo ndefu ya chuma mkononi, ambayo hata mwenye miguu mizima huiogopa. Mkwaju ule ulifika kwenye nyasi fupi za shimo. Picha yake, iliyopigwa kutoka nyuma, ni miongoni mwa picha mashuhuri kabisa za mchezo huu. Kesho yake, katika mchuano wa watu watatu, alipata mikwaju 69, Lloyd Mangrum 73 na George Fazio 75. Ilikuwa miezi 16 tu baada ya ajali.

Mwaka wa 1951 alitwaa Masters na mashindano ya wazi ya Marekani. Mwaka wa 1953 alizitwaa zote mbili tena, kisha akasafiri hadi Carnoustie, Uskoti, kwa mashindano ya wazi ya Uingereza. Mpira wa Uingereza siku zile ulikuwa mdogo kuliko ule wa Marekani, na ardhi ya huko ilikuwa ngumu. Hogan hakujivunia sifa zake. Alifika majuma mawili kabla, akajifunza mpira ule na ardhi ile kama mwanagenzi. Katika mizunguko minne alipata mikwaju 73, 71, 70 na 68. Yaani kila mzunguko ulikuwa bora kuliko uliotangulia. Hakuwahi kucheza mashindano yale kabla, wala hakuyacheza tena. Aliporudi, jiji la New York lilimpokea kwa maandamano na vipande vya karatasi vikimiminwa kutoka maghorofani. Katika mataji yake makuu 9, matano na moja, yaani 6, aliyapata baada ya ajali.

Mwaka wa 1957 alitoa kitabu cha mafunzo matano, ambacho hadi leo wachezaji wa gofu hukisoma. Ajabu yake ni kwamba hakianzi na nguvu wala mbwembwe. Kinaanza na mshiko wa mikono, na kumtaka msomaji aufanyie mazoezi peke yake siku baada ya siku kabla ya kupiga mpira wowote. Kisha yanafuata maungo mengine: namna ya kusimama, nusu ya kwanza ya kuizungusha fimbo, na nusu ya pili. Kuna zoezi la kuizungusha fimbo nusu tu, viwiko vikiwa vimekaribiana na mwili. Aidha, humtaka mchezaji awaze kwamba kioo kimeegemezwa mabegani mwake, kikiinama hadi kwenye mpira, na kwamba fimbo isikivunje. Picha moja akilini, jambo moja kwa wakati mmoja. Huo ndio umakini. Si kukunja uso, bali ni kuyaacha mengine yote kwa muda ili jambo moja lipate nafasi yake.

Sitaki kumfanya malaika. Hogan alikuwa mkavu wa maneno, na wengi walimwona mtu baridi. Waskoti walimbandika lakabu ya kumfananisha na barafu. Wala mazoezi hayakumpa kila kitu. Mwaka wa 1955 huko San Francisco, akiwa karibu kutwaa taji lake la tano la mashindano ya wazi ya Marekani, alishindwa na Jack Fleck, mchezaji asiyejulikana, ambaye fimbo zake zilitengenezwa na kampuni ya Hogan mwenyewe. Uzeeni mikono yake, iliyoweza kuupeleka mpira mbali kwa usahihi wa sindano, ilianza kushindwa kuusukuma shimoni kutoka hatua chache tu. Mazoezi hayakuiponya kasoro ile. Anayewaambia wanafunzi kwamba bidii hushinda kila kitu anawapunja. Bidii yenye fikira humfikisha mtu kwenye ukomo wake wa kweli. Bila hiyo hufa akidhani kwamba ukomo wake ulikuwa pale alipochoka.

Hogan alifariki Fort Worth tarehe 25 Julai 1997, akiwa na miaka 84, katika mji ule ule alikobeba mikoba ya wengine.

Nanyi wanafunzi, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mmoja wenu atakuwa bingwa. Ninasema kwamba insha mbovu, hesabu zilizokosewa na Kiingereza cha kugugumia ni mpira unaopinda kushoto. Msiuone kuwa ni tabia yenu ya kuzaliwa. Tafuteni chanzo chake, rudini kwenye mshiko, chagueni jambo moja, mlifanye kwa utulivu, mtazame matokeo kabla ya kurudia. Na mkiona mnashuka kidogo mnapoiacha njia ya zamani, msikimbie.

Na kwetu sisi walimu, kabla ya kumwambia mtoto kwamba hana kipawa, tujiulize kwanza kama tumewahi kumwonyesha namna ya kufanya mazoezi. Mimi sikumwonyesha yule kijana wangu. Aliniletea insha saba, na zote zilikuwa na kosa moja lile lile katika mianzo yake. Leo naliona waziwazi. Ningalimketisha kwa nusu saa tu, nikamwambia aandike mianzo peke yake kwa wiki moja, huenda ningalimfaa. Badala yake nilimhesabia umri wake wa miaka 16 kuwa ndio mwisho wa safari.

Ikiwa anausoma ukurasa huu, namwomba radhi. Na ikiwa daftari lile bado analo, ningefurahi kulisoma upya.